Barabara Iliyokufa na Haki za Wapitao Njiani



Imezuka katika zama zetu desturi ambayo wazee wetu hawakuijua. Watu, wengi wao wakiwa vijana, huchukua mahali palipokuwa pakifanyika mashindano ya magari zamani, mahali ambapo leo hapana mashindano tena, wakapajenga upya ndani ya kompyuta. Hutafuta picha za kale, filamu na ramani, wakapima kila kona na kila mwinuko, hata barabara iliyokufa ikafufuka katika kioo. Kisha hukaa kitini, wakashika usukani usiogeuza gurudumu lolote, wakakanyaga mafuta yasiyowaka, wakaipita barabara ile kwa kasi ile ile waliyoipita mabingwa wa zamani. Mashine ya namna hii huitwa simuleta, yaani mashine ya kuigiza.

Huenda ukasema: huu ni mchezo tu, nao una uhusiano gani na maadili? Twakuomba usifanye haraka. Anayeijenga upya barabara ya zamani ni sawa na mtu anayetoa ushahidi juu ya jambo ambalo wengi hawakuliona. Ushahidi ni amana, na mwenye amana hana budi kuulizwa: umeleta yote uliyokabidhiwa, au umeleta kile tu kilichokupendeza? Hilo ndilo swali tutakalolitazama hapa, kwanza katika mji wa mbali, kisha katika milima yetu wenyewe.

KILIMA CHA BARCELONA

Katika mji wa Barcelona, nchini Hispania, kiko kilima kiitwacho Montjuïc. Barabara zake zilitumiwa kwa mashindano makubwa ya Formula One katika miaka ya 1969, 1971, 1973 na 1975. Hazikuwa barabara zilizojengwa kwa ajili ya mbio. Zilikuwa njia za mji, zenye miti, taa na kuta, na mzunguko mmoja ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 3.8. Barabara hizo ziko hadi leo, na magari ya kawaida hupita humo. Lakini mashindano yalikoma, na sababu ya kukoma kwake yafaa ijulikane.

Mwezi wa Aprili 1975 madereva walipofika waliona kwamba vizuizi vya chuma vilivyowekwa kandokando ya njia havikufungwa barabara. Mahali pengine bolti zilikuwa hazikukazwa. Wakagoma. Wenye mashindano wakawashurutisha, na ikaonekana kwamba magari yao yangeweza kuzuiliwa. Mafundi wakaingia kazini kukaza bolti kwa mikono yao. Hatimaye wengi wa madereva wakakubali. Emerson Fittipaldi, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1974, alizunguka polepole katika mazoezi kisha akakataa kushiriki. Nduguye Wilson, pamoja na Arturo Merzario, waliacha baada ya mzunguko wa kwanza. Mbio zikaendelea. Katika mzunguko wa 26 bawa la nyuma la gari la Rolf Stommelen likavunjika, gari likaruka kizuizi, na watu waliokuwa upande wa pili wakauawa. Tangu siku ile Formula One haikurudi tena Montjuïc.

Sasa, ewe msomaji, barabara ile imejengwa upya na wapenzi wa simuleta, tena kwa ustadi mkubwa. Unaweza kukaa nyumbani kwako ukaizunguka mara mia. Mashine itakuhesabia muda wako mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Lakini jiulize: katika siku ile ya 1975, ni tendo lipi lililostahili kukumbukwa kuliko yote? Je, si lile la mtu aliyekuwa na taji la dunia, naye akaenda polepole kisha akaondoka, kwa kuwa aliona njia haina salama? Basi tendo hilo mashine haiwezi kulihesabu. Saa yake yajua kasi tu. Mtu aliyekataa kwa dhamiri na mtu aliyeshindwa kwa uzembe, mbele ya saa ile wote wawili ni watu wa mwisho.

Hapa ndipo tunapoanza kuona mushkeli. Mwigo waweza kuwa sahihi katika kila kipimo na bado ukaacha kiini cha jambo. Kona ni ile ile, mwinuko ni ule ule, lakini sababu iliyofanya barabara ife haimo.

SAFARI YA AFRIKA MASHARIKI

Nasi tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mashindano maarufu kuliko yote katika nchi zetu yalikuwa Safari. Yalianza mwishoni mwa Mei 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na mwaka 1960 yakapewa jina la Safari ya Afrika Mashariki. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya lami, vumbi na tope. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979.

Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yakabaki Kenya peke yake. Baada ya mwaka 2002 yakaondolewa katika ubingwa wa dunia, na yaliporudi mwaka 2021 yalikuwa ya namna nyingine: makao yake Naivasha, na mbio zenyewe katika njia zilizofungwa. Safari ya zamani, ile iliyovuka mipaka ya nchi na kupita katikati ya vijiji, imekufa. Katika michezo ya kompyuta imekwisha kuigizwa si mara moja. Mchezo wa Colin McRae Rally 2.0 wa mwaka 2000 ulikuwa na njia za Kenya, na vivyo hivyo ule wa EA Sports WRC wa mwaka 2023.

Milima ya Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopitiwa na Safari ile ya zamani. Mtu anayeijua barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hahitaji kuambiwa kwa nini. Njia ile yapanda karibu mita 1,000 katika mwendo wa kilomita thelathini na kitu, ikipinda na kupinda kupitia Soni, upande mmoja jabali na upande mwingine korongo.

Basi tuseme yuko kijana huko Mnazi, katika uwanda ulio chini ya milima upande wa kaskazini, mahali pa mkonge na jua kali, ambapo mtu akiinua macho huiona Usambara imesimama kama ukuta. Kijana huyu ana kompyuta na ana akili. Anataka kuijenga barabara ya Usambara kama ilivyokuwa siku za Safari, ili watu wa ulimwengu waiendeshe. Je, tumwambie nini? Tumkataze? Tumsifu? Au tumpe masharti?

MASHINE HUONA NINI?

Kwanza atahitaji umbo la milima. Hili halina taabu. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima ardhi kwa rada, na vipimo vyake mtu yeyote aweza kuvipata. Vipimo hivyo huigawa ardhi katika vipande vya karibu mita 30 kwa 30, na kila kipande hupewa kimo kimoja.

Lakini barabara ya mlimani ina upana gani? Pengine mita nne, pengine tano. Maana yake ni kwamba barabara nzima, pamoja na mtaro wake, ukingo wake na korongo linaloanza hatua moja kutoka kwenye gurudumu, yote humezwa ndani ya kipande kimoja. Rada imeuona mlima, haikuiona njia. Kijana akitumia vipimo hivyo peke yake atapata mteremko laini usiomtisha mtu, na barabara ya Usambara itakuwa kama zulia lililotandikwa juu ya kifua cha mlima.

Basi atalazimika kuuliza. Atamwendea mzee aliyekuwa utingo wa lori zamani, amwambie kona ipi ilikuwa nyembamba, daraja lipi lilikuwa la miti, mahali gani tope halikukauka mpaka kiangazi. Atamwuliza mama aliyekuwa akishuka na tenga la nyanya kichwani siku ya gulio. Nao watamjibu, na hawatamweleza kona peke yake. Watamweleza nani alikuwa akipita pale, na kwa shughuli gani, na alijificha wapi aliposikia mngurumo wa injini.

Hili ni jambo la kuzingatiwa sana. Magari ya Safari ya zamani yalipita katika barabara zilizo wazi. Hazikufungwa kwa ajili yao. Mtoto aliyetumwa dukani, mwenye ng'ombe wake, mwenye mzigo wake wa kuni, wote walikuwa na haki ya njia, tena haki iliyotangulia haki ya dereva, kwa maana njia ilikuwa yao kila siku na yake yeye siku moja tu katika mwaka. Dereva aliyakubali mashindano kwa hiari yake na akatia sahihi. Mpita njia hakuulizwa.

Tena miaka ile ya mwanzo wa Safari haikuwa ya starehe kwa watu wa Usambara. Wakati magari ya sherehe ya Malkia yakianza kukimbia mwaka 1953, serikali ya kikoloni ilikuwa ikitekeleza Mpango wa Usambara, ambao uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta katika miteremko ya mashamba yao. Kazi ilikuwa ngumu, na wengi walioifanya walikuwa wanawake. Watu waliupinga mpango huo mpaka ukaachwa kabla ya Uhuru. Kwa hiyo mlima ule ule ulikuwa na sura mbili. Kwa aliyeketi ndani ya gari ulikuwa uwanja wa ushujaa, na kwa aliyeinama na jembe ulikuwa mahali pa kushurutishwa. Atakayetuonyesha sura moja akasema, "Hivi ndivyo Usambara ilivyokuwa," ametoa nusu ya ushahidi.

HOJA ZA WANAOTETEA

Wako watakaosema: mnalikuza jambo bure. Mchezo hauui mtu. Heri kijana aende mbio ndani ya kioo kuliko aende mbio na pikipiki barabarani.

Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau. Kwa hakika ni hoja bora kuliko zote zinazoweza kutolewa. Nafsi ya kijana hupenda hatari, na kuikataza tu hakutoshi. Kosa la mashindano ya barabarani halikuwa kwamba dereva alijihatarisha, bali kwamba gharama ya kiburi chake iliweza kulipwa na mtu mwingine aliyesimama kando. Simuleta humwachia dereva kiburi chake na kumwondolea mwingine gharama. Kwa upande huu ni jambo la kushukuriwa. Ndiyo maana tangu enzi za Edwin Link, Mmarekani aliyeunda mashine ya kuwafunza marubani mwaka 1929, watu wametumia mwigo ili makosa ya mwanafunzi yasiwe msiba wa abiria.

Lakini tazama tofauti iliyopo. Rubani huingia katika mwigo ili ajifunze kuwalinda watu watakaokuwa nyuma yake. Anapokosea huulizwa: kwa nini? Hukaa na mwalimu wake wakalichambua kosa. Mchezaji anapokosea hubonyeza kitufe, na kila kitu huanza upya. Gari lililovunjika huwa zima. Ukingo uliobomoka hurudi mahali pake. Afanyapo hivyo mara elfu, je, moyo wake haujifunzi kitu? Mazoea hujenga tabia, na tabia hii yasema: hakuna lisilorudishika. Nayo barabara ya kweli yasema kinyume chake. Jamaa za waliouawa Montjuïc hawakupewa kitufe.

Wala hatusemi kwamba kila achezaye atakuwa muuaji. La hasha! Wengi hucheza na ni watu wema na madereva waangalifu. Tunalosema ni kwamba mashine, kwa umbile lake, hufundisha upande mmoja tu, na upande wa pili hauna budi kufundishwa na mtu.

JE, WATU WATIWE NDANI AU WAACHWE NJE?

Hapa pana fundo gumu. Kijana wetu wa Mnazi, baada ya kuwasikiliza wazee, ataijenga barabara yenye watu au barabara tupu?

Akiijenga tupu, amewafuta wenye njia. Atakuwa ameionyesha Usambara kama nchi isiyo na wenyewe, milima mizuri iliyokuwa ikingoja magari yaje. Picha za namna hii tumezichoka. Zamani ramani nyingi za Afrika zilichorwa hivyo, na zilifuatwa na madai kwamba ardhi haikuwa na mwenyewe.

Akiwatia watu, ataingia katika hatari nyingine. Yule mama mwenye tenga la nyanya atakuwa kikwazo cha mchezo. Mchezaji wa nchi ya mbali, asiyemjua wala kumjali, aweza kumgonga kwa makusudi na kucheka. Hapo mwigo utakuwa umemdhalilisha mtu kuliko barabara yenyewe ilivyomdhalilisha.

Basi lipi ni jema? Rai yetu ni hii: watu watiwe, lakini kwa haki yao yote. Mchezo uundwe kwa namna ambayo kumgusa mpita njia ndiyo mwisho wa safari. Mashine inyamaze, muda ufutwe, na jina la mchezaji lisiandikwe katika orodha ya siku ile. Pasiwe na kitufe cha kuanza upya mpaka kesho yake. Tena njia iwe na mahali pa kusimama, na anayesimama ili kumpisha mwenye ng'ombe asihesabiwe kuwa amepoteza muda.

Utaambiwa kwamba mchezo kama huo hautapendwa, kwa sababu dereva atalazimika kwenda polepole kila aonapo kijiji. Jibu letu ni kwamba huyo aliyelazimika kwenda polepole ndiye pekee aliyeiendesha barabara ya Usambara. Wengine wote wameendesha mteremko usio na jina. Ikiwa barabara haiwezi kwenda kasi bila kuwasahau watu wake, basi jambo hilo lenyewe ni sehemu ya ukweli wake, na mwigo usiolisema umepungukiwa.

DHIMA YA MWENYE KUFUFUA

Kwa hiyo hatumkatazi kijana wa Mnazi. Kukumbuka ni jema, na ni heri milima yetu ijengwe na mtu aliyezaliwa chini yake kuliko kungoja mgeni ambaye ataipima kwa rada peke yake. Lakini yatupasa tumkumbushe mambo matatu.

Kwanza, asiitangaze sehemu kuwa ni kitu kizima. Mwigo unaojulikana kuwa ni mwigo si uongo, kama vile mchoro wa nyumba usivyodai kuwa ni nyumba. Uongo huingia pale mtu aliyecheza saa mbili anapodhani ameijua nchi. Kwa hiyo kila anayefungua mchezo huo na aambiwe mwanzoni barabara ile ilikuwa ya nani, ilipitwa na nani, na kwa nini mashindano yake yalikoma.

Pili, asichukue kumbukumbu za wazee kama achukuaye mawe ya mtoni. Mzee aliyemwonyesha kona amempa kitu cha thamani. Sauti ya mzee huyo iwekwe pamoja na kona hiyo, akiridhia mwenyewe, naye aonyeshwe kazi ilipofika. Akisema, "Hapa umekosea," kosa lisahihishwe, hata kama kona iliyokosewa ndiyo yenye kupendeza zaidi kuendesha.

Tatu, aitazame nia yake na ya wale anaowajengea. Mtu mmoja hufufua njia ya kale ili ajue baba zake walipita wapi. Mwingine huifufua ili ajifanye bwana wa barabara, apishwe na wote. Kwa macho kazi zao hufanana, na hata mashine haitazitofautisha. Atakayezitofautisha ni yeye mwenyewe, siku atakapoinuka kitini, akapanda pikipiki yake, akakutana na mtoto katika njia ya vumbi kati ya mashamba ya mkonge.

Nawe msomaji, huenda huna kompyuta wala hupendi mbio za magari. Hata hivyo nawe ni mjenzi wa barabara zilizokufa. Kila unapowasimulia watoto habari za zamani, za kijiji ulichohama, za kazi uliyoiacha, za ndoa za wazee wako, unawajengea njia ambayo hawataipita kamwe ila katika maneno yako. Itazame kazi yako. Umewaonyesha washindi tu? Umewaambia nani alikataa, na kwa nini? Wale waliosogea kando wakati wengine wakipita kwa kishindo, wamo katika hadithi yako, au umewaacha ndani ya vumbi?

Waingize. Uliza majina yao wangali hai wanaoyajua.